Rivyu ya kozi ya onlaini ya ujumuishi kwa vyuo vikuu: moduli moja ya maana, zingine za kutafutia cheti

Wadau wa vyuoni wananiuliza sana kuhusu hizi kozi za onlaini za utofauti na ujumuishi, zile ambazo chuo kinalipia leseni ya mwaka mzima halafu wafanyakazi wote wanatumiwa linki na dedilaini, maliza kabla ya tarehe fulani upate cheti. Sasa mi ndo nasimamia kitengo cha mambo hayo chuoni kwetu, mkataba niliukuta umeshasainiwa na waliotangulia, kwa hiyo kozi nimeisoma mwenyewe kama mfanyakazi mwingine yeyote, nimeiendesha kama msimamizi mwenye dashibodi, na nimekaa kwenye vikao vya kubishana tuendelee nayo au tuachane nayo. Jina la kampuni sitaji. Nimeangalia pia demo za kampuni zingine na zinafanana mno, kwa hiyo haya nitakayosema, ukienda kununua popote jiandae kukutana nayo.

Unachopewa ni hivi: moduli ya upendeleo wa bila kujijua, ya ulemavu, ya unyanyasaji wa kijinsia, ya ajira na kupandisha watu vyeo, ya lugha ya heshima, na moja ya wakuu wa idara peke yao wanaiita uongozi jumuishi. Kila moduli ina video, kisa cha kutunga, zoezi la kubofyabofya, mtihani mwishoni na cheti chenye rangi nzuri. Msimamizi anapata dashibodi ya kuona nani kamaliza nani bado, pamoja na sampuli za sera na fomu. Basi.

Nianze na moduli ya ajira maana hiyo ndo imenifanya nisiitupe kozi nzima. Inaanza na utafiti ambao kila mtu anayekaa kwenye kamati ya ajira ya chuo anapaswa kuujua, ule wa Corinne Moss-Racusin na wenzake uliotoka 2012. Walichukua maombi ya kazi ya umeneja wa maabara, maombi yaleyale neno kwa neno, nusu wakaandika jina la John na nusu Jennifer, wakawapelekea wahadhiri 127 wa sayansi kwenye vyuo vya utafiti Marekani wayape alama. John akaonekana ana uwezo zaidi, na mshahara waliopendekeza kumpa ukawa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka wakati Jennifer kapewa 26,508. Na wahadhiri wanawake nao walifanya hivyohivyo, hapa ndo huwa naona watu kwenye semina wanakaa vizuri kwenye viti, maana wengi walishajiandaa kusikia kwamba tatizo ni wazee fulani wa kiume.

Ila kilichonipendeza zaidi ni kwamba moduli haiishii kwenye kukustua. Inakupa karatasi ya kufanyia kazi. Kabla kamati haijafungua bahasha hata moja mnakaa mnaandika vigezo, kila kigezo uzito wake, mkishakubaliana mfumo unavifunga, hakuna kuongeza. Halafu kila mjumbe anaweka alama peke yake bila kuona za mwenzake, ndo mnakutana kujadili mkiwa na namba mezani. Ni kitu kidogo kweli lakini nilikaa kama mtazamaji kwenye kamati moja nikaona kazi yake. Mwenyekiti, profesa wa siku nyingi anayeheshimika, kamsifia mwombaji mmoja weee halafu akamalizia na yule mwingine, "huyu ni mzuri, ila sioni kama ataendana na sisi." Katibu, binti mdogo tu wa utumishi, akasema kwa upole, "Profesa, hicho hakipo kwenye karatasi." Akajibu, "Basi kiongeze." "Imeshafungwa, Profesa." Kimya kidogo, watu wakaangalia laptop zao, kikao kikaendelea kwa vigezo vilivyopo. Yule binti asingeweza kumwambia profesa wewe una upendeleo, angeanzia wapi. Karatasi ndo ilimpa mahali pa kusimama.

Sasa twende kwenye moduli ya ulemavu, na hapa naomba msicheke.

Tuna mwenzetu haoni, anafanya kazi maktaba, kompyuta yake anaitumia kwa NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, imekuwepo tangu 2006 na ni nzuri kuliko nyingi za kulipia. Nilimwomba akae nami tuipitie moduli pamoja kabla hatujamlazimisha mtu yeyote kuifanya. Ukurasa wa kwanza tu video inaanza yenyewe, msimulizi wa video anaongea na NVDA inaongea, sauti mbili kwa wakati mmoja, na kitufe cha kusimamisha video hakipatikani kwa kibodi. Tukavumilia ikaisha. Tukafika kwenye zoezi, unatakiwa uburute picha za vikwazo uziweke kwenye vikapu, ngazi bila njia ya kiti mwendo huku, maandishi madogo kule, na kwa mausi ni sekunde kadhaa tu. Yeye anabonyeza Tab, anasikia "kitufe", Tab tena, "kitufe", Tab tena, "kitufe". Hakuna chenye jina. Hata angekijua kipi ni kipi bado huwezi kuburuta kitu kwa Tab. Akavua hedifoni akaniambia, "Madam, yaani hapa nafundishwa namna ya kunijumuisha mimi, halafu mlango wenyewe siuoni."

Na hiki sio kitu kigeni kwa mtu anayetengeneza kozi za mtandao kibiashara. Miongozo ya WCAG, ambayo ndo kipimo kinachotumika dunia nzima kwa tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu, inasema kila kitu kifanyike kwa kibodi, na hilo liko kwenye daraja A, yaani daraja la chini kabisa, ukikosa hilo hujaanza hata kuhesabiwa. Toleo la 2.2 la Oktoba 2023 likaongeza wazi kwamba kitu kinachohitaji kuburuta kiwe na njia mbadala isiyo ya kuburuta. Sauti inayojianzisha yenyewe nayo imo, lazima uweze kuizima. Kampuni inayouza moduli ya ulemavu isipojua haya matatu mi sijui tunanunua utaalamu gani.

Nikaandika sapoti. Jibu likaja haraka, hapo niwape haki yao, adabu nyingi, wakatuma PDF ya moduli hiyohiyo ili mwenzetu asome. PDF yenyewe ni picha za slaidi, hakuna hata herufi moja ambayo NVDA inaweza kuishika. Na kwa sababu zoezi hakulimaliza, dashibodi ikamweka nyekundu, "hajakamilisha", mfumo ukaanza kutuma vikumbusho vyenyewe kwake na nakala kwa bosi wake. Ikabidi niingie mimi mwenyewe nimfute kwenye orodha, maana hakuna chaguo la kumwondolea mtu sharti, kuna kumfuta tu. Ujumuishi huo.

Moduli ya upendeleo wa bila kujijua ndo wanayoitangaza sana kwenye demo, ina muziki, ina msimulizi mwenye sauti nzito, na katikati wanakupeleka kwenye lile jaribio la kubonyeza herufi haraka haraka kushoto kulia, linaloitwa IAT, linalokisia upendeleo wako uliofichika kwa kasi unayounganisha maneno au picha. Cha kwanza, hilo jaribio lilitoka 1998 kwa Anthony Greenwald na wenzake na liko bure kabisa kwenye tovuti ya Project Implicit, kwa hiyo hapo unalipia mtu akuoneshe mlango uliokuwa wazi. Cha pili, moduli inatoa matokeo utadhani ni kipimo cha damu, umeonesha upendeleo wa kiasi fulani, pole, soma vidokezo hivi. Wakati wenye jaribio lenyewe wanatahadharisha usilitumie kumhukumu mtu mmoja mmoja, na mtu yuleyule akilirudia siku nyingine anaweza kupata jibu tofauti. Tulipata wahadhiri wawili wa takwimu waliolirudia makusudi ili kuja kutuonesha, na kwa kweli walikuwa na hoja, na baada ya hapo kila tulichosema kuhusu ujumuishi idara ile walikuwa wanatuangalia kwa jicho la pembeni.

Na kuhusu kama haya mafunzo yanabadilisha watu, mi nashauri kabla ya kusaini usome mambo matatu. 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walipitia data za zaidi ya miaka 30 za sehemu za kazi 708 Marekani, wakakuta mafunzo ya kupunguza upendeleo ni kati ya vitu vyenye matokeo madogo kabisa kwenye kuongeza wanawake na weusi kwenye uongozi, ila penye mtu au kamati iliyokabidhiwa jukumu na kuulizwa matokeo, mambo yalisogea. 2019 timu ya Patrick Forscher ikajumlisha tafiti 492 zenye watu zaidi ya 87,000, wakaona unaweza kusogeza kidogo hizo alama za majaribio ya aina ya IAT lakini tabia ya mtu haifuati. Na mwaka huohuo Edward Chang na wenzake walijaribu mafunzo ya onlaini ya saa moja kwenye kampuni kubwa yenye ofisi nchi nyingi, wafanyakazi zaidi ya 3,000, mitazamo ikabadilika kiasi kwa baadhi ya watu, vitendo vikabadilika kwa kiwango kidogo sana. Sasa angalia ile karatasi ya moduli ya ajira halafu angalia hii video yenye muziki. Karatasi haijali moyoni mwako kuna nini, inabadilisha utaratibu wa kikao. Kama hela ni ya kununua kitu kimoja mi nanunua utaratibu, mioyo ya watu siwezi kuifikia kwa slaidi.

Mitihani sasa. Jibu sahihi karibu kila mara ndo lile refu kuliko mengine, lenye "kusikiliza kwa makini" na "kwa kuzingatia hisia za wote". Watu walishagundua siku ya kwanza. Kuna grupu la WhatsApp la idara moja majibu yalikuwa yanazunguka kabla hata mkuu wa idara hajafungua linki, na wengine wanaacha video inacheza bila sauti huku wanasahihisha mitihani ya wanafunzi. Siwalaumu sana, ratiba zao nazijua.

Moduli ya unyanyasaji wa kijinsia ndo ilinikera kuliko zote, maana hapo ndo chuo kina vidonda vya kweli. Ukiitazama dakika tano tu unajua hii ilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, wamebadilisha nembo. Bosi wa mauzo, sekretari, safari ya kikazi, mteja mlevi hotelini. Chuoni mambo hayako hivyo. Chuoni kuna msimamizi wa tasnifu ambaye akikaa na sura yako ya tatu miezi sita bila kuisoma humalizi mwaka huo, ambaye ndo huyohuyo utamwomba barua ya kukutambulisha kwenye skolashipu, ambaye pengine ndo mtu pekee anayeelewa mada yako chuo kizima kwa hiyo hata kubadilisha msimamizi ni kujifukuzisha. Kuna mwanafunzi wa shahada ya pili anayefundisha semina, leo ni mwanafunzi kesho ni mwalimu, akinyanyaswa aende upande upi? Kuna mhadhiri wa mkataba anayengoja kuongezewa na kamati ambayo mnyanyasaji yumo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi ndani ya moduli. Halafu mwishoni, baada ya kukuambia usikae kimya, inakuambia "wasiliana na ofisi ya rasilimali watu." Mwanafunzi hana ofisi ya rasilimali watu jamani! Tuliomba waruhusu tuweke pale namba na jina la dawati letu, wakasema ukurasa ule hauhaririki kwa kifurushi chetu, ni kwa kifurushi cha juu zaidi. Yaani taarifa ya mtu aseme wapi ndo wameiweka kwenye daraja la kulipia zaidi.

Lugha ya heshima nimeipita haraka, haina madhara, ni orodha ya usiseme hivi sema hivi. Fomu ya kujisajili inalazimisha jina la kwanza na jina la ukoo, kuna watu wetu wana jina moja tu kwenye pasipoti, wakaandika nukta, cheti kikatoka na nukta. Maandishi ya chini ya video yametengenezwa na mashine na hakuna aliyeyapitia, viziwi waliokuwa wanayategemea waliniletea picha za skrini ambazo siwezi hata kuzieleza hapa.

Dashibodi. Wakubwa wanaipenda balaa kwa sababu inatoa asilimia ya waliomaliza kwa mduara wa kijani, na mduara wa kijani unaingia vizuri kwenye ripoti ya mwaka. Haikuambii malalamiko yalichukua muda gani kushughulikiwa, haikuambii wanafunzi wenye ulemavu wangapi waliacha mwaka wa kwanza. Ila kuna jambo la hatari zaidi ambalo naomba watu wa vitengo hivi mliangalie leo leo. Kozi ina dodoso fupi, unajisikiaje kazini, na inauliza pia kama una ulemavu, dini, umri na kadhalika, wanakuahidi majibu hayana majina. Sawa, hayana majina. Lakini msimamizi nikifungua dashibodi naweza kuchuja kwa idara, halafu kwa ulemavu. Idara yenye watu wachache, mwenye ulemavu mmoja, nabofya mara mbili namsoma yeye peke yake alichosema kuhusu mkuu wake. Ofisi za takwimu makini huwa zinaficha kundi likiwa dogo, chini ya 5 au chini ya 10 kutegemea sheria zao, na hiki ni kitu cha kuweka kwa mstari mmoja kwenye mfumo. Na wakuu wa idara nao wana ruhusa ya kuona dashibodi kwa mpangilio uliokuja na mfumo! Nilizima hiyo ruhusa kabla sijafanya kitu kingine chochote, na dodoso nikalisimamisha mpaka wairekebishe. Hili walilirekebisha kweli, wiki chache zilipita ikawa sawa, na hata msimbo wa kuficha makundi madogo wakaweka. Kwa hiyo wanaweza wakitaka.

Moduli ya wakuu wa idara ni video ya mtu anazunguka ofisi ya vioo anasema kiongozi jumuishi anasikiliza. Hakuna hata mfano mmoja wa ratiba ya masomo, ya vikao vya saa kumi na moja jioni ambavyo mzazi wa mtoto mdogo hawezi kukaa, ya nani anapewa kila mwaka kazi za kamati zisizohesabiwa kwenye kupanda cheo. Ukikaa kwenye hii kazi unajua hizo kamati za ujumuishi zinajazwa na walewale wachache, kwa sababu eti wao ndo "utofauti" wenyewe, halafu ikifika promosheni wanaulizwa machapisho yako wapi.

Nyota natoa mbili kati ya tano, na zote mbili ni za moduli ya ajira, sapoti ya haraka nimeiongezea nusu kimoyomoyo.

Kama kitengo chako ni kipya, huna hata sampuli ya fomu ya vigezo vya ajira, na kamati zenu zinaamua kwa kumpenda mtu, hii kozi itakusogeza, ilimradi umwekee mtu mamlaka ya kurudisha orodha ya waliochaguliwa kama karatasi haikufuatwa. Kama unachotafuta ni kumaliza unyanyasaji, kaa na mwanasheria wa chuo na wawakilishi wa wanafunzi mwandike utaratibu wenu wa malalamiko, hela ya leseni mtaajiri mtu wa kupokea hayo malalamiko. Ukiomba demo usikubali kuoneshwa na mtu wa mauzo, omba akaunti uingie mwenyewe, weka mausi pembeni, jaribu kufika mwisho wa moduli moja kwa Tab na Enter tu. Ukikwama, umeshapata jibu na hujalipa kitu.

Sisi tumewaambia tunataka moduli ya ajira peke yake. Wakasema haiuzwi peke yake, wakatupa punguzo la kifurushi kizima. Tumewarudishia mkataba na mistari miwili ya nyongeza, kwamba moduli zote zifuate WCAG 2.2 daraja AA, yaani la kati, linalofuata A, kabla ya tarehe tuliyoandika la sivyo sehemu ya hela inarudi, na ukurasa wa mwisho wa moduli ya unyanyasaji tuuhariri wenyewe bila malipo ya ziada. Mwanasheria wao anausoma. Na wewe mwenye mkataba wa namna hii droo hapo, tafuta kipengele cha mkataba kujiongeza wenyewe, kwetu kilikuwa ukurasa wa mwisho kabisa kwa herufi ndogo, usipotoa taarifa ya maandishi siku 60 kabla umeshanunua mwaka mwingine.